Mlango wa Rusumo

Wengi wetu wa Ngara na Biharamulo tumepita Rusumo. Mmoja alikwenda kumjulia hali shemeji yake huko Kirehe, mwingine alipeleka maharage sokoni, mwingine alikuwa utingo wa lori. Lakini mwulize mtu huyo ameona nini huko, naye atakujibu: "Nimeona foleni ya magari na maofisa wa uhamiaji." Basi, hana zaidi. Na kumbe maporomoko ya maji yapo hapo hapo karibu na daraja!

Leo nataka niwasimulieni habari za mahali hapo. Mimi ni mtu wa Bushubi, nimefundisha shule za msingi miaka mingi, na kila mwaka niliwauliza watoto wa darasa la nne: "Mto Kagera watoka wapi na waenda wapi?" Walinitajia Ziwa Viktoria bila shida. Lakini Rusumo, iliyo katika wilaya yao wenyewe, waliijua kwa jina tu. Nami naona hakuna mahali katika wilaya zetu mbili palipopitiwa na mambo makubwa kama pale. Sababu yake ni moja, nayo ni umbo la nchi.

Tuanze na mito. Kagera yatoka katika Ziwa Rweru, mpakani mwa Rwanda na Burundi, ikiwa imekwisha pokea maji ya Nyabarongo ambayo huteremka kutoka milima ya Rwanda. Yaja polepole, imejitandaza katika mafunjo na vinamasi hata mgeni hawezi kusema hapa ni mto na hapa ni nchi kavu. Ruvubu yatoka Burundi, yapita mpakani, kisha yaingia wilaya ya Ngara na kuitenga Bugufi na Bushubi. Karibu sana na Rusumo mito hii miwili yakutana. Toka hapo ni mto mmoja, nao mara wabanwa katikati ya vilima na kuanguka juu ya mwamba. Anguko lake ni kiasi cha mita 15, yaani kama urefu wa mkaratusi wa kawaida, na upana ni kama mita 40. Jina lenyewe lasema hivyo hivyo: rusumo, kwa Kinyarwanda, ni maporomoko ya maji.

Baada ya hapo mto waelekea kaskazini, waingia tena katika mafunjo na maziwa madogo madogo kando ya hifadhi ya Akagera ya Rwanda, halafu wageuka mashariki, wapita Kyaka (pale ambapo majeshi ya Amin yalivunja daraja mwaka wa 1978), na mwisho wamwaga maji yake ziwani katika nchi ya Uganda. Hakuna mto mwingine uletao maji mengi kuliko huo katika Ziwa Viktoria. Ndiyo maana watu waliotafuta chanzo cha Nili walimaliza kwa kuufuata Kagera. Mwaka wa 1937 Mjerumani mmoja, Burkhart Waldecker, alifuata Ruvubu na vijito vyake hata Rutovu huko Burundi, na pakajengwa piramidi ndogo ya mawe juu ya kilima. Wengine husema sivyo, chanzo kilicho mbali zaidi kipo katika msitu wa Nyungwe, Rwanda. Sisi hatuna haja ya kuamua. Maji ya Rutovu na maji ya Nyungwe yote mawili hupita Rusumo, kisha huenda hata Misri.

Sasa fikiri, msomaji. Juu ya Rusumo ni vinamasi, chini ya Rusumo ni vinamasi. Mtu atakaye kuvuka na ng'ombe, na mizigo, na watoto mgongoni, avuke wapi? Atatafuta mahali ambapo mto ni mwembamba na kingo zake ni imara. Hapo ni Rusumo. Ni kama mlango katika boma la miiba: ukuta ni mrefu, bali wote huingia na kutoka mahali pamoja.

Katika nchi nyingine mahali mito inapokutana pamekuwa miji mikubwa. Khartoum ya Sudan imejengwa pale Nili Nyeupe na Nili ya Buluu zinapokutana. Mbali kabisa, huko Asia, katika nchi ya Kambodia, mto Mekong wakutana na mto Tonle Sap, na hapo upo mji mkuu, Phnom Penh, wenye majumba ya kifalme, mahekalu na soko la samaki. Mto ule wa Tonle Sap una ajabu yake: wakati wa mvua kubwa Mekong hujaa mno, basi maji ya Tonle Sap hugeuka na kurudi nyuma kulijaza ziwa lake, na kiangazi kikija hushuka tena. Kila mwaka hivyo hivyo. Watu wa mji ule hufanya sikukuu na mashindano ya mitumbwi maji yanapogeuka.

Sisi nasi tuna makutano ya mito, lakini mji kama huo hatukupata. Chombo hakiwezi kupanda wala kushuka maporomoko, na mafunjo huwachosha wapiga makasia. Tena upande wetu wa mashariki, kuelekea Biharamulo, ulikuwa pori la mbung'o ambamo ng'ombe hawakuishi na watu waliogopa malale. Kwa hiyo Rusumo palibaki mahali pa kupita. Watu wakaja, wakavuka, wakaenda zao.

Wazungu wa kwanza hawakupita pale. Speke alipokuwa akienda Karagwe mwaka wa 1861 alipita Rusubi, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Biharamulo, naye aliiandika "Usui". Mtemi wake, ambaye Speke alimwita Suwarora, hakumwachia apite bure. Alidai hongo, nguo na shanga na nyaya, na Speke akakaa akingojea na kunung'unika katika kitabu chake. Nasoma malalamiko yake na kucheka kidogo, maana siku hizi madereva wa malori hulalamika maneno yale yale juu ya forodha.

Aliyevuka Rusumo ni Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, mwezi wa Mei mwaka wa 1894. Alikuwa ametoka Pangani. Baada ya kuvuka aliingia Rwanda, akaonana na Mwami Kigeri Rwabugiri, akaendelea hata Ziwa Kivu na kuteremka mto Kongo mpaka bahari ya magharibi. Bwana huyo ndiye aliyekuwa Gavana wa nchi yetu mwaka wa 1905, Vita vya Majimaji vilipoanza. Wadachi walijenga boma juu ya kilima cha Biharamulo, lenye kuta nene na minara. Boma hilo lingali limesimama, na limetumika kama nyumba ya wageni. Ukipita Biharamulo lipandie.

Ilipokuja vita ya 1914, mlango ule ukawa na thamani kwa askari. Mwaka wa 1916 Wabelgiji walitoka Rwanda, wakapigana na Wadachi hapo Rusumo kwa ajili ya kivuko, na katika mwezi wa Juni walikuwa wamefika Biharamulo.

Baada ya vita Wazungu waliketi na ramani. Mwaka wa 1919 Bwana Milner wa Uingereza na Bwana Orts wa Ubelgiji waligawanya nchi. Kwanza Waingereza walijipatia hata Gisaka, ng'ambo ya Kagera, kwa sababu walitamani njia ya reli itokayo Afrika ya Kusini hata Misri. Mwami Musinga alilia, na Monsinyori Classe wa Rwanda alimtetea kwa barua nyingi, na kufikia mwaka wa 1924 Gisaka ilikuwa imerudishwa. Kagera ikawa mpaka. Bugufi haikurudishwa Urundi. Mwami Mwambutsa aliidai mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 1948, asiipate. Hivyo Mhangaza na Mrundi, ambao husikilizana bila mkalimani, walijikuta kila mmoja na serikali yake, na baadaye kila mmoja na kitambulisho chake. Sisemi kwamba sasa ipasavyo mipaka ibadilishwe. Nasema tu kwamba mto haukuombwa shauri.

Nimesema kwamba Rusumo hapakupata mji. Hiyo si kweli yote. Kwa muda wa miaka miwili na nusu tulikuwa na mji mkubwa sana karibu na mto, nami niliuona kwa macho yangu.

Mauaji ya Watutsi huko Rwanda yalianza tarehe 7 Aprili 1994. Yalifika karibu nasi upesi. Katika parokia ya Nyarubuye, si mbali na mpaka, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani waliuawa humo humo, na wengi wa wauaji walikuwa jirani zao. Maiti zilitupwa mtoni. Watu waliosimama darajani Rusumo waliziona zikipita chini na kuanguka na maji. Zilikwenda mpaka Ziwa Viktoria, na huko Uganda wavuvi na wanakijiji walizitoa kwa maelfu na kuzizika pwani ya ziwa, na kwa kitambo kirefu watu wakakataa kula samaki.

Kisha, majeshi ya RPF yalipokaribia, tarehe 28 na 29 Aprili daraja la Rusumo lilivukwa na watu wapata 250,000 kwa muda wa siku moja tu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilisema halijapata kuona watu wengi hivyo wakikimbia kwa haraka hivyo. Msomaji, hesabu hiyo ni rahisi kuandika. Mimi niliona barabara imejaa vichwa vya watu hata lami haionekani. Mikeka, magodoro, masufuria, baiskeli zilizobeba wazee, mbuzi, mlango wa mbao aliobeba mtu kichwani kana kwamba nyumba itamfuata nyuma. Hawakupiga kelele. Kilichosikika ni miguu. Mwanafunzi wangu mmoja akanishika mkono: "Mwalimu, hawa wote watalala wapi?"

Walilala Benako. Mahali hapo palipewa jina la kampuni ya Kitaliani iliyokuwa imeweka kambi yake hapo ilipojenga barabara. Katika siku chache pakawa na watu wengi kuliko karibu miji yote ya Tanzania, Dar es Salaam ikitolewa. Palikuwa na mitaa, masoko, vinyozi, mafundi cherehani, mabucha, vyote chini ya turubai za buluu. Kambi nyingine zilifunguliwa Lumasi, Musuhura na kwingineko. Watu walikaa kwa wilaya zao kama walivyokaa kwao, na wakuu wao ndio wale wale. Hapo palikuwa na ubaya mkubwa: kati ya mama na watoto wenye njaa walikaa pia watu waliokuwa wameua, wakishika madaftari ya kugawa chakula. Mkristo aliyeleta kapu la viazi hakuweza kujua anampa nani. Tulijadiliana sana jambo hilo nyumbani. Marehemu mama yangu alisema mtoto hana daftari, akaendelea kupeleka viazi.

Vilima vya Kasulo vilibaki vipara. Familia moja yahitaji kuni za kupikia kila siku. Zidisha kwa laki moja. Visima vilikauka, bei ya ndizi ikapanda, vibarua wakapatikana kwa bei ya chini, na wafanya biashara wakatajirika. Wako waliojenga nyumba za bati kwa sababu ya kambi, na wako waliopoteza shamba la miti la baba yao. Mwezi wa Desemba 1996 serikali yetu na Shirika la Wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengine walijaribu kukimbilia porini, wakarudishwa barabarani. Karibu nusu milioni walivuka tena daraja lile lile, kwa mvua. Januari tulipita Benako: matundu ya nguzo, majivu, viatu. Mji ulikuwa umekwisha. Leo Benako ni njia panda yenye maduka na hoteli za wasafiri, na kijana aliyezaliwa baadaye hajui kwamba chini ya kibanda chake cha chips palikuwa na hospitali.

Miaka iliyofuata barabara ya Biharamulo haikuwa salama. Bunduki zilibaki porini, majambazi wakazitumia, na mabasi yakawa yanasindikizwa na askari kupita msituni. Wasafiri wa siku zile wanakumbuka jinsi tulivyokaa kimya gari likiingia pori la Kasindaga. Mapori hayo sasa yana bwana. Mwaka wa 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Daraja nalo limebadilika. Lile jembamba, lililopitisha lori moja moja, limepata mrithi mpana, lililojengwa kwa msaada wa Wajapani. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walilizindua pamoja na kituo cha forodha cha pamoja. Mpango wake ni huu: maofisa wa nchi mbili huketi katika jengo moja, na msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoiingia. Hapo zamani ulisimama huku, ukavuka, ukasimama tena kule. Shehena ya Rwanda itokayo bandari ya Dar es Salaam hupita hapo, kwa njia ya Lusahunga na Benako.

Nimeliacha mwisho jambo la umeme, maana ndilo linaloulizwa zaidi vijijini. Nguvu ya maporomoko ilitamaniwa kitambo. Mwaka wa 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia sahihi mapatano hapo hapo Rusumo ya kuunda shirika la bonde la Kagera, na Uganda ikaingia mwaka wa 1981. Shirika lile lilifanya mipango mingi, likachoka, likafa. Bwawa halikujengwa. Kazi yenyewe ilianza mwaka wa 2017 kwa mkopo na msaada wa Benki ya Dunia, na mitambo ilipokamilika ikawa na uwezo wa megawati 80, zigawanywe sawasawa kwa nchi tatu. Nyumba ya mitambo ipo upande wetu wa Tanzania. Hapo kwanza walifikiri kujenga bwawa kubwa, ambalo lingefunika mashamba mengi ya mabondeni. Baadaye wakachagua njia ya kutumia maji yapitayo, ili nchi isizame. Naona walichagua vema. Mkulima wa Ruvubu hupanda maharage na viazi bondeni wakati wa kiangazi, na bondeni ndiko akiba yake iliko.

"Lakini mwalimu," huniambia jirani, "waya zapita juu ya nyumba yangu, nami nawasha kibatari. Je, ni haki?" Jibu la ufundi ni hili. Umeme utokao Rusumo kwenda Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, husafiri kwa nguvu ya volti 220,000. Taa yako yahitaji 230. Ukiunganisha nyumba na waya ule, nyumba itateketea kabla hujafunga mlango. Lazima umeme upite kituo cha kuupoza, kisha waya za kati, kisha transfoma ya kijiji, ndipo ufike kwako. Hilo ni jibu la ufundi, na ni la kweli. Jibu la haki ni jingine: mtu anayekaa chini ya waya yafaa awe wa mwanzo kupewa transfoma, siyo wa mwisho. Serikali ya kijiji iulize hivyo kwa barua na kwa heshima, na iulize tena isipojibiwa.

Tena kila kitu kina bei yake. Maji yanayoingia katika mfereji wa mitambo hayaanguki tena juu ya mwamba. Wazee wanaoyakumbuka maporomoko ya kiangazi cha zamani watayaona yamepungua. Mimi husikitika kidogo, lakini nikifikiri juu ya mama anayejifungua usiku katika zahanati yenye taa, huzuni yangu hupoa.

Basi ukitaka kwenda kuona, nenda mwezi wa Aprili au Mei, mto ukiwa umejaa. Kutoka Ngara mjini utavuka Ruvubu kwanza, kisha Benako, halafu ushuke Rusumo. Kutoka Biharamulo pitia Lusahunga na Nyakahura. Beba kitambulisho. Usipige picha ya daraja wala ya mitambo kabla ya kuomba ruhusa kwa askari, maana watakunyang'anya simu. Ukiwa na watoto, waonyeshe maji ya Ruvubu na maji ya Kagera kabla hayajachanganyika, na uwashike mikono wasikaribie ukingo, kwa kuwa mwamba huwa na ukungu wa maji nao wateleza, hasa asubuhi.